Taa Iliyomchelewea Faruku

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mganga Mkuu wa Mkoa. Mganga Mfawidhi na uongozi wote wa hospitali. Mchungaji na wazee wa usharika mliotoka Kaagya. Sheikh pamoja na majirani zangu wa Bakoba. Madaktari, wauguzi na wahudumu. Daktari Kyaruzi, ambaye leo tunakuaga unapostaafu, na mkewe, mama yetu Adventina uliyeketi pembeni yake. Na ninyi ambao ratiba haikuwataja kwa cheo, lakini mmekuja kwa sababu mtu huyu aliwahi kuwashika mkono mkiwa kitandani: nawasalimu nyote kwa heshima. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Naitwa Sumaiya. Ninafundisha jiografia katika sekondari moja hapa mjini, na nyumbani kwetu ni Bakoba. Kamati ya sherehe iliponiomba niseme machache kwa niaba ya wagonjwa, niliwauliza kama walijua vizuri wanamwomba nani. Kwa maana familia yetu ina sababu ya kumshukuru Daktari Kyaruzi, na ina sababu nyingine ya kushindwa kumtazama usoni, na sababu hizo mbili zimelala nyumba moja kwa miaka mingi. Wakanijibu kwamba daktari mwenyewe ndiye aliyelitaja jina langu. Nikamfuata ofisini nimuulize. Akaniambia, "Mwalimu, wengine watasema mazuri. Wewe sema yote."

Basi waitu, ndugu zangu, nivumilieni, nitajaribu kusema yote.

Nilikuwa na kaka. Aliitwa Faruku. Ninyi mliotoka Muleba, na hasa ninyi wa visiwani, mlimjua kwa jina la Fundi, kwa sababu ujana wake wote aliumalizia Bumbire akitengeneza injini za boti. Alikuwa mtu wa kelele, mtu wa kucheka kabla hajafika mwisho wa hadithi yake mwenyewe. Idi moja alikuja nyumbani, akasikia friji ya mama inanguruma kwa namna asiyoipenda, akaifungua yote vipande vipande sebuleni huku wageni wakiingia. Haikurudi kuwa friji mpaka siku ya pili yake. Nyama yote ya sikukuu ikabidi iliwe siku ile ile, na tukaita mtaa mzima, Waislamu na Walutheri, tukala mpaka tukashindwa kuinuka. Mama yetu, Bi Mwamvita, aliyeketi pale mbele, alimkasirikia sana. Lakini mpaka leo, ukimuuliza Idi gani ilikuwa nzuri kuliko zote, atakutajia hiyo.

Mtu huyo, aliyeweza kusimama ufukweni na kukuambia injini ya boti inayopita mbali inaumwa wapi, alianza kuona damu chooni, akanyamaza.

Alinyamaza kwa nini? Tujiulize sote, maana naamini hakuwa peke yake. Je, si kweli kwamba mtu wetu akiumwa jino atautangazia mji mzima, akiumwa mgongo atataka kila anayepita amwonyeshe dawa, lakini ikija habari ya choo anaona afadhali afe na siri yake? Kisiwani wanaume wanaishi pamoja, wanakula pamoja, wanataniana kwa kila kitu. Faruku aliogopa utani kuliko alivyoogopa damu. Aliyemgundua ni mkewe, Nasma, kwenye kufua nguo. Nasma hakugombana naye. Alifunga mizigo ya watu wawili, akamwambia kwamba boti ya asubuhi inaondoka na wao wamo.

Hivyo ndivyo kaka yangu alivyofika kwenye hospitali hii, na hivyo ndivyo alivyokutana na Daktari Kyaruzi.

Wakati ule hospitali ilikuwa na kamera moja ya kupimia utumbo mpana. Wale msiojua kipimo hiki, nitawaeleza kama nilivyoelezwa mimi. Unakunywa dawa ya kusafisha tumbo mpaka utumbo unabaki mtupu. Kisha daktari anaingiza mrija mwembamba wenye kamera na taa kwa njia ya haja kubwa, anausogeza taratibu mpaka mwisho wa utumbo mpana, halafu anarudi nyuma polepole akitazama ukuta wa utumbo kwenye skrini. Anachotafuta ni vivimbe vidogo ambavyo wao huviita polipu. Kivimbe chenyewe si saratani. Lakini vipo ambavyo vikiachwa, baada ya miaka, huwa saratani. Na vikionekana mapema hukatwa hapo hapo, mgonjwa akarudi nyumbani kwake siku ile ile. Nimesema vikionekana. Naomba mlishike neno hilo.

Kamera ile ilikuwa imechoka. Picha yake, kwa maneno ya wauguzi walioitumia, ilikuwa kama televisheni ya zamani siku ya mvua. Daktari Kyaruzi alimpima Faruku kwa kamera hiyo, akakuta bawasiri, na bawasiri inatoa damu. Akatazama kote kulikobaki, hakuona kitu kingine. Akamwambia kaka yangu habari njema: ni bawasiri, inatibika, utumbo wako ni safi.

Mngemwona Faruku siku ile. Alitoka hapa kama mtu aliyeachiwa kutoka rumande. Aliporudi Bumbire, boti ya kwanza iliyokuja mjini ilileta sangara mkubwa, amefungwa kwa majani ya mgomba, na maagizo kwamba samaki yule afikishwe kwa Daktari Kyaruzi na asiguswe na mtu mwingine. Akafikishwa. Mama Adventina alimpika, na familia ya daktari ilimla kwa furaha, kwa sababu alikuwa zawadi ya mgonjwa aliyepewa habari njema.

Misimu miwili ya senene ikapita. Faruku akaanza kuchoka. Sisi tukadhani ni kazi. Akaanza kupungua, tukadhani ni mawazo. Alipokuja nyumbani kumsalimia mama, akapanda ngazi zile chache za barazani akalazimika kuketi kabla hajafika mlangoni, na macho yake yalikuwa meupe kama karatasi. Hatukudhani tena. Tulimleta hapa mchana ule ule.

Daktari alimkumbuka. Alimpima tena yeye mwenyewe. Sisi tulikuwa kwenye benchi la korido: mama, Nasma, mimi, na mdogo wetu Najibu. Daktari alipotoka alikuwa bado amevaa aproni. Angeweza kutuma muuguzi. Angeweza kutuambia tusubiri majibu ya maabara, tukasubiri, na baadaye tukaambiwa na mtu mwingine mahali pengine. Badala yake alivuta kiti, akaketi mbele ya mama yetu ili macho yao yalingane, akasema kwamba upande wa kulia wa utumbo kuna uvimbe, ni mkubwa, na yeye haoni kama utakuwa kitu kingine zaidi ya saratani. Kisha akaendelea, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akasema uvimbe wa ukubwa ule hauji kwa muda mfupi. Huenda mara ya kwanza kilikuwepo kivimbe bapa, kimelala juu ya ukuta wa utumbo, hakina shina wala kichwa, rangi yake ni ile ile ya ukuta. "Nadhani nilipita juu yake," akasema, "na sikukiona."

Najibu akasimama. Akamuuliza, "Ulipitaje, na macho unayo?"

Daktari hakutaja kamera mbovu, ingawa ilikuwa mbovu kweli. Hakusema kwamba vivimbe vya namna ile huwapita hata madaktari wa nchi zenye kila kitu, ingawa baadaye nilikuja kujua kwamba huwapita. Aliinamisha kichwa, akabaki pale kwenye kiti mpaka Najibu alipotoka nje.

Ndugu zangu, mimi sitasimama hapa kumwambia daktari kwamba hakukosea, kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kusema hivyo. Wala sitasema alimuua kaka yangu, ingawa yapo maneno kama hayo yaliyosemwa nyumbani kwetu, na kwa sauti kubwa. Nitasema tu lililotokea baadaye.

Faruku alipelekwa mbali kufanyiwa upasuaji. Walipomfungua wakakuta ugonjwa umeshafika kwenye ini. Akarudishwa Bakoba, akawekewa kitanda kwenye chumba kinachotazama migomba ya mama. Na kila Jumapili, baada ya ibada, gari la Daktari Kyaruzi lilisimama nje kwetu. Alikuja kumpa dawa za maumivu na kumsikiliza. Najibu akisikia gari anaondoka kwa mlango wa nyuma. Mama anapokea mgeni, kwa sababu mama ni mama na mgeni ni mgeni, anamwekea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, naye anatafuna punje moja na kuingia ndani kwa mgonjwa.

Jumapili moja nilikuwa chumbani nikimkanda Faruku miguu daktari alipoingia. Walizungumza mambo ya mashamba ya kahawa ya Kaagya, kwao daktari, na bei, na mvua. Kisha Faruku, ambaye sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana, akauliza, "Ndugu zangu je?"

Daktari akamwambia ukweli. Akasema ugonjwa huu ukimpata mtu akiwa bado kijana kiasi kile, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja lazima wapimwe, na watoto wake wakifika umri wapimwe. Akasema pia kwamba hangependa kuwapima kwa kamera ile, kwa sababu asichokiona kwa kaka anaweza asikione kwa dada. Zipo kamera nyingine, akasema, zenye taa ya namna nyingine, ambazo zinavionyesha vivimbe bapa vizuri zaidi. Hapa kwetu hakuna.

Faruku akamtazama, akasema, "Basi itafute."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakumwambia amemsamehe, na daktari hakuomba. Wiki chache baadaye kaka yangu alifariki, mchana, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Nasma.

Daktari alikuja mazishini. Alisimama kwenye safu ya nyuma na kofia mkononi. Ulipofika wakati wa kurudishia udongo, watu wakawa wanapokezana machepe, na chepe moja likamfikia. Alilishika, akainama kuchota. Najibu akatoka upande wa pili wa kaburi, akalichukua kutoka mkononi mwa daktari, akachota yeye. Watu waliona. Daktari alirudi nyuma akasimama mpaka mwisho wa dua, akampa mama mkono wa pole, akaondoka. Mimi nilimtazama akitembea kuelekea kwenye gari lake, na nilijua, kama wengi tulivyojua, kwamba mtu yule angeweza sasa kuomba uhamisho, na hakuna ambaye angemlaumu.

Hakuomba. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wewe umekuja mkoani kwetu juzi juzi tu, hukuyaona haya. Sisi tulimwona mzee mwenye mvi, mwenye wajukuu, akifunga begi na kwenda masomoni, kuketi darasani na vijana wa umri wa watoto wake, na kufundishwa upya kutazama kitu alichokuwa akikitazama maisha yake yote. Tulisikia akipeleka maombi kila ofisi yenye mlango. Alikuwa akienda kuwaona wafadhili na kurudi na ahadi, na ahadi nyingine zilikufa njiani. Mama Adventina ameniambia kwamba katika miaka ile mumewe alikataa kabisa kula sangara. Si kwa kiapo, alisema, ila kila akiwekewa anasogeza sahani. Siku moja alimweleza mkewe sababu. "Alinitumia samaki kwa kunishukuru," akasema, "na mimi nikamla."

Miaka ikapita mpaka kamera ikafika. Ilipofika, mtu wa kwanza kupigiwa simu nilikuwa mimi.

Nilikuja, na niliogopa. Usiku kabla ya kipimo nilikunywa ile dawa ya kusafisha tumbo, na sitawadanganya kwamba ni tamu. Nikalazwa kwa ubavu, nikachomwa sindano ya kunituliza, lakini sikulala kabisa, niliomba nisilale. Skrini ilikuwa juu yangu. Muuguzi Elieth alinishika bega. Nikaona ndani ya mwili wangu mwenyewe, njia ndefu ya waridi yenye mikunjo, safi, inang'aa. Daktari alikuwa anarudi nyuma polepole, polepole mno, akinyoosha kila mkunjo, akiosha, akirudia. Upande wa kulia akasimama. Mimi sikuona kitu. Ukuta ulikuwa ule ule kama kwingine.

Akabonyeza kitufe. Ile waridi ikaondoka, picha ikawa ya kijani na bluu, mishipa midogo ya damu ikajitokeza kama mito kwenye ramani ninazochora ubaoni. Na katikati ya ukuta uliokuwa mtupu pakatokea doa la kahawia, bapa, limelala. Akaomba rangi ya bluu, akainyunyiza. Mnajua unavyomwaga maji sakafuni ndipo unaona sakafu imebonyea wapi na imeinuka wapi; rangi ile ilitulia pembezoni, na kile kivimbe kikabaki kimechorwa mpaka wake wote.

Elieth akauliza kama wanaweza kuandaa waya wa kukatia. Daktari aliiosha ile rangi, akarudisha taa nyeupe, kivimbe kikapotea. Akaweka ile ya bluu, kikarudi. Nyeupe, hakipo. Bluu, kipo. Alifanya hivyo mara kadhaa, na nilipoacha skrini nikamtazama yeye, nilijua hakuwa ananiona mimi, alikuwa anamwona Faruku. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Ndivyo kilivyokuwa kimekaa."

Kisha akakikata, akakitoa, akanigeukia na kuniambia kazi imekwisha. Maabara walisema ni kivimbe cha aina inayogeuka saratani, lakini kilikuwa hakijageuka.

Waheshimiwa, nawaombeni mnielewe. Siku ile nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini nilipofika nyumbani nikamkuta mama anamenya ndizi, nikamweleza kila kitu, akaacha kumenya. Akaniuliza kama taa hiyo ingekuwepo wakati ule, Faruku naye angeonekana hivyo. Nikamwambia labda. Akachukua kisu akaendelea na ndizi zake. Ni furaha gani hiyo, ambayo huwezi kuila pamoja na mama yako?

Na Najibu hakutaka kusikia. Tulimsihi mimi na dada zake wa ukoo, Sheikh alimsihi, akasema afadhali afe kuliko kulala mbele ya mtu yule. Aliyemshinda ni Nasma. Alikwenda dukani kwa Najibu na watoto wa Faruku, akawaketisha kwenye magunia, akamwambia kwamba wamekuja kuzoea kuketi kwenye msiba wake. Najibu akakubali, kwa sharti moja: Daktari Kyaruzi asimguse, wala asiwemo chumbani.

Daktari akakubali sharti hilo bila kinyongo. Alimkabidhi kwa Daktari Hellen, ambaye alifundishwa na Daktari Kyaruzi mwenyewe kuitumia ile taa, na sasa ndiye atakayebaki na chumba hicho. Mimi nilikuwa kwenye korido. Daktari Kyaruzi pia alikuwa kwenye korido, amesimama karibu na mlango uliofungwa, mikono nyuma, kama baba anayesubiri mtoto azaliwe. Daktari Hellen alikuta vivimbe viwili, na kimoja, alituambia, kisingengoja sana. Akavitoa vyote. Najibu alipotoka, akapita mbele ya mzee yule karibu kiasi kwamba nguo zao ziligusana. Hakumsalimia. Daktari alimpisha njia, akaniuliza mimi tu kama kijana anajisikia vizuri.

Nimeambiwa na daktari mwenyewe nisimalize bila kusema jambo moja la kitaalamu, nami nalisema kama nilivyotumwa. Taa hii haioni kila kitu. Utumbo usiposafishwa vizuri, au mtazamaji akiwa na haraka, kivimbe kitapita hata chini ya taa nzuri kuliko zote. Msiende nyumbani mkatangaze muujiza. Tangazeni kwamba damu chooni si utani, na kwamba mwenye ndugu wa damu aliyepata saratani hii asikae kungoja dalili.

Na langu mimi, nisiyetumwa, ni hili. Tunamuaga mtu huyu, na chumba anachokiacha kina kamera moja na daktari mmoja kwa watu wote wa huku, mpaka Muleba, mpaka visiwani. Mama wa Bumbire ambaye mumewe anaficha nguo leo hii, boti yake itamfikisha kwa wakati? Mtoto mkubwa wa Faruku, Burhani, yuko hapa, amevaa shati jeupe. Miaka michache ijayo atalala kwenye kitanda kile kabla hajafika umri ambao baba yake alianza kuumwa. Je, atakuta kamera nzima, au atakuta picha ya televisheni siku ya mvua? Wenye ofisi mpo. Sina la kuwalaumu leo. Nawauliza tu.

Nimalizie na la Jumamosi iliyopita.

Daktari na Mama Adventina walikuja Bakoba kumuaga mama yetu. Tulipika ebitoke, ndizi za kwetu, tukaketi sebuleni. Najibu alikuwepo. Gari liliposimama nje nilimwona anatazama mlango wa nyuma, lakini hakuinuka. Baada ya kula na kunawa, Najibu akamgeukia daktari, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ile ya benchi.

Akasema, "Ungekuwa na taa hii siku ile, ungekiona?"

Nilidhani daktari atasema ndiyo, kwa sababu ndiyo ingeelekeza lawama zote kwenye kamera. Au atasema Mungu ndiye ajuaye, kama tunavyosema tukitaka kuinuka kwenye mazungumzo. Yeye akasema, "Nadhani ningekiona. Nimejiuliza miaka yote hii, na sijafika zaidi ya nadhani."

Najibu akaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Baada ya muda wageni wakaaga.

Kwa desturi yetu mgeni hasindikizwi na wanawake peke yao kama mwanamume yupo nyumbani. Gari lilikuwa limeachwa barabara kubwa, kwa sababu kichochoro chetu kilikuwa kimejaa tope. Mama Adventina alitangulia na mimi. Nilipogeuka, nikamwona Najibu ametoka nje amevaa viatu vyake vya mvua, ameshika mwavuli, na anatembea nyuma yetu pamoja na daktari, kwa mwendo wa mzee huyo. Walifika barabarani wamechelewa sana kuliko sisi. Walichozungumza sikukisikia, na Najibu hajaniambia, wala sijui kama kuna walichozungumza. Nilichokiona ni kwamba mlango wa gari ulipofungwa, yeye alibaki amesimama pale barabarani mpaka gari likapotea kwenye kona, ndipo akarudi ndani.

Sitawaambia kwamba wamepatana. Kaka yangu bado hayupo, na kila jambo jema nililolieleza leo limekuja baada yake. Daktari Kyaruzi, wewe ulitaka niseme yote, na yote ni haya: ulimkosa Faruku, ukatupata mimi na Najibu, na sisi hatujui namna ya kukushukuru kwa la pili bila kulia kwa la kwanza. Nenda Kaagya ukapumzike na kahawa zako. Mama amesema mlango wetu wa mbele unaujua.

Kwa utulivu wenu, na kwa kunivumilia mpaka hapa, ahsanteni sana.